Reli ndani ya boksi la viatu

Jamani leo kitreni kimetembea! Wiki tatu nahangaika na boksi la viatu, urefu sentimita 33 tu, nataka humo ndani kukae kastesheni kadogo ka Reli ya Kati. Mwanzo nilitaka treni izunguke, nikapiga hesabu nikaona haiwezekani, maana reli za Z (saizi ndogo sana ya treni za mfano) za Märklin, kampuni ya Ujerumani, kona yake ya kubana ina nusukipenyo cha milimita 145, duara zima linataka karibu sentimita 30 na boksi langu lina upana wa 20. Basi nikalaza reli moja iliyonyooka, treni inaenda inarudi, ukigeuza nyaya tu inabadili mwelekeo.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni hiki, reli za Z zina upana wa milimita 6.5, sasa chukua ile mita moja ya upana wa Reli ya Kati uigawe kwa 160 unapata 6.25, kwa hiyo watu na majengo nimeweka ya skeli ya N, 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160, na inakaa vizuri kweli! Kokoto ni mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai. Mwembe ni sponji ya kuoshea vyombo, nimeipaka kijani. Bado paa, nataka lionekane bati lenye kutu.