Kinundu kwenye kisogo cha mzee wa Kibosho

Kichwa cha mteja wangu nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe. Mapunye, mba, majipu, makovu ya kuanguka mtini utotoni, vyote hupita chini ya mashine yangu hapa Mbuyuni, Moshi. Ndiyo maana kinundu cha mzee mmoja wa Kibosho kilinikaa rohoni. Kilikuwa kisogoni, kigumu kama punje ya mahindi makavu. Alipokuja kunyoa tena, kimekua.

"Mzee, hapa sipitishi mashine."

"Jipu hilo, baba. Nyoa."

"Jipu gani lisilouma wala kutunga usaha?"

Isitoshe, nilijua alishapasuliwa saratani ya utumbo mpana. Nikamwambia kijana wake ampeleke hospitali ya KCMC, upande wa ngozi. Wakakata kinyama, kikaenda maabara. Majibu: saratani ile ile ya utumbo.

Nilibisha. Utumbo na kisogo wapi na wapi? Aliyenielewesha ni mteja wangu mwingine, mwanafunzi wa magonjwa ya ngozi pale pale KCMC. Saratani hii husafiri kwa damu na kwa mishipa ya limfu, na aghalabu hutua kwenye ini au mapafu. Ngozini hufika kwa wagonjwa wachache, na wengi wa hao huota vinundu tumboni, kwenye kovu la upasuaji au kitovuni. Kichwani ni nadra zaidi. Ikishajitokeza ngozini, mara nyingi huko ndani imeshasambaa. Kweli, kipimo cha CT kilikuta madoa kwenye ini la mzee.

Kumbe uvimbe wa kitovuni una jina la mtawa! Sista Mary Joseph alikuwa msaidizi wa daktari William Mayo kwenye upasuaji, huko Rochester, Marekani. Akisafisha matumbo ya wagonjwa kabla ya kisu, aligundua kwamba wenye uvimbe kitovuni ndio ambao saratani imewaenea. Mwaka 1949 daktari Hamilton Bailey akauandika kwa jina la sista, ambaye alishafariki miaka kumi nyuma. Nimewahadithia wateja mpaka wamenichoka. Mwenye kitambaa na sabuni ndiye aliyeona, jamani, si mwenye kisu.

Mzee yuko kwenye dripu za saratani. Anashuka na Hiace siku akijisikia vizuri, nami nanyoa kwa mkasi, nikikizunguka kinundu kwa mbali. Juzi alinidai nipunguze bei kwa kuwa nywele zenyewe zimepungua. Nimekataa. Kazi ya mkasi ni ghali zaidi.