Si Yeye, Soma Tu

Nilisema sitaandika kitu hapa mpaka nimalize ile ripoti mnayoijua, lakini kuna maneno yamenikaa rohoni tangu Jumamosi na hayataki kutoka. Ni ya Bi Zuhura, mwenzetu wa kikao cha wasomaji wa riwaya za upelelezi. Ameyasema huku akitafuta miwani yake ya pili, wala hakuyapa uzito wowote.

Nianze na kitabu. Kile nilichokitafuta muda wote ule, ambacho Mjomba amenicheka kwa ajili yake hadi akachoka, nimekipata. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku la vitabu vilivyoondolewa maktaba, kimelaliwa na kamusi ya tiba na mabuku mawili ya sheria. Jina lake silitaji, na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini. Jalada la nyuma halipo. Karatasi zimeingia yale madoadoa ya kahawia, na muhuri wa maktaba umegongwa juu ya jina la mwandishi, utadhani aliyegonga alikuwa na ugomvi naye.

Kabla ya kukilipia nilifanya ninachofanya siku zote: nikahakikisha kurasa za mwisho zipo. Wenzangu wa riwaya za upelelezi mnaujua ufundi huo. Unafunika maandishi kwa kiganja, unaacha namba ya ukurasa peke yake ionekane, unafunua kinyumenyume huku umebana macho, maana ukiteleza ukaona jina moja tu, umekwisha. Hadithi ya mapenzi ikikosa ukurasa wa mwisho unaweza kujimalizia mwenyewe. Ya upelelezi ikikosa, umenunua karatasi.

Kurasa zote zilikuwepo. Nikaenda nacho nyumbani, nikajifungia chumbani (Dada alikuwa na wakwe zake watarajiwa sebuleni, mambo yamekwenda salama, tarehe imepangwa, nitaeleza siku nyingine), nikaanza. Ukurasa wa 31, pembeni, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka ikaacha alama upande wa pili wa karatasi:

NDIYE!!

Na mshale, moja kwa moja hadi kwenye jina la karani wa wakili.

Nilikaa nikaitazama. Mtu anayepigia mstari sentensi nzuri namwelewa. Anayeandika jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza nampenda kabisa. Hata yule anayesahau tiketi ya basi ndani ya kitabu ananipa kitu cha kuwaza. Lakini kumwagia mwisho wa hadithi mtu usiyemjua, ambaye huenda hajazaliwa bado, ni uovu wa aina gani huo? Mwaka 1929 kampuni ya Harper & Brothers ya Marekani ilianza kuuza riwaya zake za upelelezi sehemu ya mwisho ikiwa imefungwa kwa karatasi. Ukifika pale ukaweza kujizuia, ukarudisha kitabu bila kuchana ile karatasi, unarudishiwa pesa zako. Ilikuwa mbinu ya biashara, najua, lakini angalau walijua kwamba mwisho ni kitu cha kulindwa. Huyu wangu alikuwa na penseli tu, wala hakuwa na haya.

Jumamosi nikakibeba kwenda kwenye kikao chetu cha wasomaji. Sikuwa na nia ya kukijadili, nilitaka kulalamika tu. Watu walikuwa kwenye ubishi wa kawaida, riwaya ipi mtu ampe mgeni wa fani hii aanze nayo. Mimi husema Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na Najum msaidizi wake, kwa sababu mimi mwenyewe niliingilia mlango huo. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilitoka 1960 na mpaka leo sijapata kuchoshwa na jinsi yule mzee anavyovuta kiko wakati wengine wamechanganyikiwa. Wengine wanasema Agatha Christie, yule mwandishi wa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuwashinda. Bi Zuhura, kama mnavyomjua, ni mtu wa chumba kilichofungwa kwa ndani: maiti iko ndani, ufunguo uko ndani, na mwuaji hayumo. Kwake yeye ulimwengu huu una bwana mmoja tu, mwandishi John Dickson Carr, na sura moja tu, ya 17 katika riwaya yake *The Hollow Man*, pale mpelelezi wake Dakta Fell anaposimamisha hadithi nzima ili atoe somo la njia zote za kumwua mtu ndani ya chumba kilichofungwa, na anakiri waziwazi kwamba wao wote wamo ndani ya riwaya ya upelelezi. Ametusomea sura hiyo zaidi ya mara moja.

Nikamwonyesha kitabu changu.

"Bi Zuhura, hiki umekisoma?"

Akakigeuza, akanusa karatasi kama kawaida yake. "Hapana. Hicho kilinipita."

"Basi tazama walichonifanyia." Nikamfungulia ukurasa wa 31.

Akatazama. Hakutazama sana. Akanirudishia kitabu, akaanza kupekua mkoba wake.

"Soma tu, mwanangu. Si yeye."

"Umejuaje, na hujakisoma?"

"Nimekwambia si yeye. Hivi miwani yangu ile nyingine nimeiweka wapi?"

Basi. Yameishia hapo. Mtu mwingine akaingilia, ubishi ukarudi kwa Christie, na mimi nikabaki nimeshika kitabu.

Tangu siku hiyo ofisini tumebadilishiwa bosi, Dada amebadilisha rangi ya gauni na kuirudia ile ya kwanza, na mimi nimekuwa nikiyageuza maneno hayo upande huu na ule. *Si yeye.* Kwa sauti ile. Kama alisema "nadhani si yeye" nisingekuwa na neno. Kama alicheka, pia. Alisema namna mtu anavyosema mlango umefungwa kwa sababu ametoka kuufunga yeye.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekisia kwa uzoefu. Anayeandika NDIYE kwa alama mbili za mshangao ukurasa wa 31 yuko kwenye joto la mwanzo, bado hajapigwa chenga hata moja. Aliyekwisha kumaliza hana haraka hiyo, angeandika mwishoni, au angenyamaza. Hoja nzuri. Lakini usiku nikaipinga mwenyewe. Padri Ronald Knox alitoa amri zake kumi za riwaya ya upelelezi mwaka huohuo wa 1929, na ya kwanza kabisa inataka mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema katika hadithi. Mapema ni wapi kama si ukurasa wa 31? Kwa sheria za mchezo wenyewe karani hawezi kufutwa kwa sababu tu ametokea mwanzoni. Na Bi Zuhura anazijua amri za Knox kuliko mimi.

Nikasema basi amenionea huruma. Ameniona nimenuna, akanipa neno la kunituliza ili nisome kwa raha. Hilo nalo halimkai. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia mbele ya watu kwamba riwaya niliyokuwa nikiisifu ingefaa kuwekewa mguu wa meza. Huruma yake haiendi kwenye vitabu.

Au ameshakisoma na amekana ili asiulizwe? Bi Zuhura asiulizwe? Anaishi kwa kuulizwa.

Hapo ndipo nilipokuwa mpaka jana, nimekasirika kidogo na najifurahia pia, kusema kweli, maana nilijiona nimepata kafumbo changu mwenyewe bila maiti. Nilikuwa nimeshafikiria hata jinsi nitakavyowaandikia hapa kwa kuchekesha.

Jana nikiwa napanga rafu, nikakutana na *The Three Coffins*.

Hili inabidi nilieleze kwa wale wasiowinda vitabu vya zamani. Riwaya nyingi za miaka ile zilitoka na jina moja Uingereza na jingine Marekani. *Murder on the Orient Express* ya Christie, 1934, Wamarekani waliipata kama *Murder in the Calais Coach*. *Lord Edgware Dies* kwao ikawa *Thirteen at Dinner*. Mwindaji mgeni ananunua kitabu kimoja mara mbili na anagundua akiwa sura ya pili. Sote tumenaswa. Aliyenifundisha kuangalia ukurasa wa hakimiliki kabla ya kushangilia jina nisilolijua ni Bi Zuhura, na mfano aliotumia siku ile ni huohuo: *The Hollow Man* ya Carr, 1935, Marekani inaitwa *The Three Coffins*. Ni kitabu kimoja. Sura ya 17 ni ileile.

Na miezi michache nyuma alikuja kikaoni na *The Three Coffins* mkononi, uso umemwangaza, akasema amepata Carr ambaye hajawahi kumwona.

Tulicheka. Tulidhani anatutania. Mmoja wetu akasema, "Bi Zuhura leo ametutega sisi," naye akacheka pia, ila nikikumbuka sasa alichelewa kidogo kucheka, alicheka baada ya kutuona tunacheka. Kisha akanipa mimi kile kitabu, akasema nikae nacho. Ndiyo maana kiko kwenye rafu yangu.

Sikumaliza kupanga rafu.

Kwa sababu sasa kuna jibu jingine la *si yeye*, nalo linakaa vizuri kuliko yote. Amekisoma. Amekisoma zamani, anajua kabisa karani hana hatia, na hajui kwamba amekisoma. "Kilinipita" ni kweli kwa anavyojua yeye, na "si yeye" ni kweli vilevile, na zote mbili amezisema katika dakika moja.

Nilimpigia Dada simu. Alinisikiliza mpaka mwisho (siku hizi ana moyo mwepesi, uchumba umemkubali), halafu akasema, "Si ndiyo mnachotamani nyote? Kusahau ili msome upya?" Hakuwa na ubaya. Na ni kweli tumelisema mara nyingi, hata hapa nimeliandika: kwamba ningetoa chochote nifutiwe *The Murder of Roger Ackroyd* ya Christie kichwani niisome kama mtu wa 1926, sijui lolote, nigongwe na ile sura ya mwisho kwa mara ya kwanza. Kila shabiki wa fani hii ana kitabu chake cha kusahau. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa akisema chake ni *The Hollow Man*.

Sikuweza kumjibu Dada. Nikamuuliza habari za gauni.

Inawezekana nimejenga ghorofa juu ya mchanga. Mtu mzima kusahau kitabu kimoja kati ya mamia aliyosoma si habari, mimi mwenyewe nina vitabu ambavyo kama si vumbi la vidole vyangu ningeapa sijavigusa. Na kucheka kwa kuchelewa si ushahidi, hakuna mpelelezi angeukubali. Labda siku ile alitutania kweli. Labda miwani ilikuwa inamsumbua.

Nilidhani nikimaliza kitabu nitajua. Nimebakiza sura mbili. Karani mpaka sasa ametokea mara kadhaa, kila mara ana heshima zake na kila mara namtazama kwa macho mawili tofauti, la yule wa penseli na la Bi Zuhura. Lakini hata nikimaliza sitajua kitu. Kama karani ndiye, basi Bi Zuhura alibahatisha akakosea, au amekichanganya na kingine. Kama siye, basi alibahatisha akapata, au alikisoma. Mwandishi wa kitabu amefanya kazi yake vizuri sana, ila kesi yangu haimo humo. Kwa hiyo kimelala kando ya kitanda, nimekifunika uso chini, jambo ambalo Bi Zuhura angeniua akiliona.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuchagua cha kujadili. Nilikuwa nimepanga hikihiki. Nikikipeleka, watu wataanza kumwuliza maswali, na sitaki awekwe kwenye kiti hicho mbele ya wote. Nikikiacha, ataniuliza yeye: hajawahi kusahau kuuliza mtu amefikia wapi. Nimefikiria kumtembelea kwake kabla ya siku hiyo, bila kitabu, nikae tu nimsikilize. Binti yake yule mkubwa tunajuana kwa salamu, labda nianze naye. Lakini unamwambiaje mtoto wa mtu jambo kama hilo, kwa ushahidi wa penseli na kicheko?

Na sijui nitatoka saa ngapi, kwa sababu bosi mpya ametaka ripoti zote zisomwe upya, fomu yangu ya likizo bado iko mezani kwake, na leo mchana ameniita kwa jina la aliyekuwa akikaa kiti changu kabla yangu. Bila ile sahihi yake sina likizo ya wiki ya harusi, na Dada bado sijamwambia.