Mama Elfu na Mia Mbili

Wodini hatukuitana majina. Mimi nilikuwa Mama Elfu na Mia Mbili, jirani yangu Mama Mia Tisa. Ni gramu za watoto wetu. Wangu alizaliwa wiki ya 30, usiku, mvua ya Aprili ikipiga mabati hapa Moshi.

Kila asubuhi mzani. Alizaliwa na 1,280, siku ya nne akashuka hadi 1,190. Sista alishanieleza kwamba njiti hupungua kwanza, maji yanamtoka mwilini, halafu ndiyo apande. Nilimwelewa vizuri kabisa, nikaenda bafuni kulia. Siku hiyohiyo mtoto wa Mama Mia Tisa aliongeza gramu 15. Nilishindwa hata kumwambia hongera. Mtu unayegawana naye sabuni!

Mama mkwe akashuka kutoka Marangu na chupa ya mtori. Kwetu mzazi hukaa ndani akilishwa, siyo kukaa kwenye benchi na kikombe, anajikamua kila baada ya saa mbili, anapata mililita tano. "Kunywa, maziwa yatoke," akasema, mtoto mwenyewe hamtazami. Nilimnunia siku mbili. Kumbe na mimi nilikuwa sijampa jina, sijanunua hata soksi.

Halafu sista akamtoa kwenye mashine ya joto, akamlaza kifuani kwangu na nepi na kofia tu, akatufunga kitenge. Nikauliza kama ni kwa vile mashine hazitoshi. Akacheka. Ndivyo njia hii ilivyoanza kule Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, akasema, ila leo Shirika la Afya Duniani linataka mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku, hata penye mashine. Basi nikawa nalala nimekaa. Kuna wakati pumzi yake ilisimama. Ukimsugua mgongo kwa kidole anashtuka, anaendelea. Mimi ndiye niliyechelewa kupumua.

Mama mkwe alipokuja tena, aliinua ncha ya kitenge, akachungulia. "Masikio ya babu yake," akasema, akakaa.

Wiki ya tano tukaruhusiwa na 1,810. Wa Mama Mia Tisa alikuwa bado hajafika 1,400. Nilimwachia kitenge na kipande cha sabuni. Nikamwona anatafuta neno la kuniambia. Sikumngoja alipate, nikamkumbatia, nikatoka.