Sijapokea Mahari

Jumapili Bibi alipiga simu kutoka Ujiji. Tatu akapokea. Salamu zikaenda, shule ikaulizwa, baridi ikaulizwa (Bibi haamini kwamba huku Uholanzi kuna siku za jua), mwisho akafunga kama anavyofunga siku zote: "Haya, mnisalimie mkwe wangu." Tatu akaiweka simu mezani, akamtazama baba yake aliyekuwa akimenya viazi, kisha akanigeukia.

"Mama, mkwe si mtu aliyemuoa mtoto wako?"

"Ndiyo."

"Lakini nyinyi hamjaoana."

Ana miaka minane. Nikamwambia akanawe mikono. Baba yake akaviinamia viazi vyake kama fundi saa. Usiku walipolala nikaishusha bahasha ya kaki juu ya kabati, ile yenye vyeti, na barua ya mtaa ilikuwa bado imo, imekunjwa mara nne.

Hii ni ya mwaka 2018. Baba Tatu ni Mholanzi aliyekuja kwetu Kigoma kwa kazi ya mabomba ya maji, na jinsi tulivyokutana nitasema kwa ufupi tu. Mnakumbuka 2015, meli ya Liemba ilivyokuwa inawabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuja Kigoma, na mji ulivyojaa magari meupe ya mashirika ya misaada yanayoelekea kambi ya Nyarugusu. Moja ya magari hayo lilikuwa linasimama kwenye steshenari yangu pale Mwanga kuja kutoa kopi. Kopi zikawa nyingi kuliko mahitaji ya maji. Basi.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, tukaanza kutafuta karatasi za mimi kumfuata kwao. Tatu alikuwa hana tabu, alishapata pasipoti ya nchi ya baba yake. Tabu ilikuwa mimi. Uholanzi hawalazimishi ndoa. Mwenzi asiye wa ndoa wanamkubali pia, mradi kila mmoja wenu awe na umri wa miaka 21 au zaidi, yule wa kule awe na kipato cha kutosha, na wewe ufaulu mtihani wa lugha yao na maisha ya kwao, unaofanyia ubalozini kwenye kompyuta kabla hujapanda ndege. Mtihani niliuweza. Nilijifunza Kiholanzi dukani kati ya mteja na mteja, vipokea sauti masikioni, watu wa Mwanga wakidhani nasikiliza mawaidha.

Kilichonishinda ni kwamba zile karatasi zilitaka mambo mawili kwa mpigo. Kwanza nithibitishe kwamba tunaishi kama mume na mke kweli kweli: picha, tarehe, nani alimtambulisha nani kwa nani, uhusiano wa kudumu na wa watu wawili tu. Pili nithibitishe kwamba mimi si mke wa mtu. Na hapo nyumbani Ujiji, baba yangu alikuwa na mwaka wa tatu anasubiri karatasi moja tu, ya kinyume chake.

Kwa nini hatukuoana? Nimeulizwa hilo sana na nimekuwa na majibu tofauti kulingana na anayeuliza. Kusilimu kwa ajili ya muhuri mwenzangu hakutaka, na mimi nilimheshimu kwa hilo siku za juma, wikendi nikamchukia. Bomani kwa Mkuu wa Wilaya, tangazo la siku 21 na mambo yakaisha, Baba hakutaka. "Ndoa ya bomani ni risiti," alisema. Na wazazi wa huyu bwana wenyewe wamezeeka pamoja bila kuoana, kwa hiyo hakuona moto uko wapi. Miaka ikaenda. Baba alipoulizwa barazani binti yake yuko wapi, alijibu, "Yuko kwa mumewe, Mwanga." Hakuna aliyedai ushahidi.

Niliambiwa nianze na barua ya serikali ya mtaa, kama kila kitu nchini kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nawachapia watu barua hizo, mia tano kwa ukurasa, kwa hiyo niliichapa yangu kabisa nyumbani: anatambulika, ni mkazi, hajaolewa, apewe ushirikiano. Ilibaki sahihi na muhuri. Nikaambiwa nije na mzazi.

Baba alivaa koti lake la reli, lile alilostaafu nalo, na kofia yake ya mkono. Baba Tatu alitusindikiza, lakini mlangoni Baba akamwonyesha mwembe kwa kidevu. "Wewe kaa na mtoto pale." Akaenda kusimama kivulini, Tatu mabegani, na haikupita dakika watoto wa jirani wakamzunguka.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza moja, benchi moja. Mtendaji alikuwa kijana wa kuja, mweupe wa shati, na pembeni yake mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyenijua tangu naenda chuoni na juzuu kichwani. Mtendaji alisoma barua yangu mpaka chini, akaisifia uchapaji. Halafu akavuta daftari la wakazi, lile kubwa la jalada gumu, akalowesha kidole, akafunua.

"Hii ndiyo kaya yenu?"

Jina la mkuu wa kaya lilikuwa limeandikwa jinsi balozi wa nyumba kumi alivyolisikia, yaani halikuwa jina. Chini yake mimi. Mbele ya jina langu, kwenye safu ya uhusiano, kwa peni ya bluu na kwa herufi kubwa: MKE.

"Balozi aliandika tu," nikasema.

"Balozi aliandika alichokiona. Mmekaa wote miaka mingapi?"

Nikasema miwili na miezi. Uso wake ukang'aa kama wa mwanafunzi aliyepata swali alilolisoma jana usiku. "Dada, sheria ya ndoa inasema miaka miwili inatosha. Mkishakaa miwili na watu wakawajua ni mume na mke, ninyi ni mume na mke. Sasa mimi nikiandika hajaolewa, si nitakuwa nimedanganya serikali?"

Baadaye niliitafuta hiyo sheria, ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Ni kweli miaka miwili ipo. Ila kinachosemwa ni kwamba mtachukuliwa hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, dhana tu inayoweza kukanushwa. Siku ile sikuwa na kifungu mfukoni. Nilikuwa na jasho.

Nikajaribu kumweleza wanachotaka Waholanzi. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho. "Kwa hiyo wanataka muwe mume na mke, lakini msiwe?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. Mtendaji akachungulia dirishani, kule mwembeni. "Na yule ni nani kwako?"

"Baba mtoto."

"Baba mtoto *tu*?"

Lile *tu* lilitua katikati ya chumba na hakuna aliyeliokota. Hapo ndipo aliposema maneno niliyokuwa nayaogopa tangu asubuhi. "Basi mzee atusaidie. Mzee wewe ndiye baba. Useme mbele ya mwenyekiti, binti yako ameolewa au hajaolewa, nami nitaandika utakachosema."

Baba alivua kofia. Akaiweka gotini, akaanza kufuata matundu ya ule mtarizo kwa ukucha wa kidole gumba, tundu moja baada ya jingine, duara zima. Nilikijua kidole kile. Ndicho kilichokuwa kinafuata ratiba za treni ukutani nilipokuwa mdogo. Nje watoto walikuwa wanamfundisha Mzungu kuhesabu, "moja, mbili, tatu," na wakifika tatu, Tatu wangu anaitika "abee" na wote wanaangua kicheko. Mara ya kwanza Baba alitabasamu kidogo. Mara ya pili hapana. Mwenyekiti akakohoa ili kimya kisiwe kizito sana, kikawa kizito zaidi. Nikataka kusema tuache, tuondoke, sitaki tena Uholanzi. Kweli nilifungua mdomo. Baba akainua kiganja bila kunitazama.

"Kijana," akasema, "una mtoto wa kike?"

"Ninaye, mzee. Mmoja."

"Mungu akukuzie. Sasa andika." Akasubiri mpaka peni ikagusa karatasi. "Andika hivi. Mimi baba yake mzazi, sijapokea mahari."

Mtendaji akaandika, akanyanyua kichwa. "Na hajaolewa?"

"Nimekwambia ninachokijua. Mahari sijapokea. Shehe hakuja nyumbani kwangu. Mashahidi sikuwaona. Hilo la kuolewa au kutoolewa wewe una sheria yako, umesema miaka miwili. Langu ni hilo."

Nadhani hata yule kijana alielewa kwamba hatapata zaidi. Aliandika barua upya kwa mkono, yangu iliyochapwa ikawekwa pembeni, na kwa busara yake mwenyewe akaunganisha: *mzazi amethibitisha kuwa hajapokea mahari, hivyo ofisi hii inamtambua kuwa hajaolewa.* Muhuri ulikuwa umekauka, akagonga mara mbili. Kabla sijainuka akanikumbusha mchango wa madawati niliokuwa naukimbia tangu mwaka uliotangulia. Nikalipa wote.

Nje, Baba alimtoa Tatu mabegani kwa baba yake, akambeba mwenyewe. Tulitembea bila neno. Njiani tukakutana na rafiki yake wa zamani wa stesheni anasukuma baiskeli yenye dumu la mawese, akauliza mnatoka wapi na jua hili.

"Nilikuwa na mwanangu na mkwe wangu," Baba akasema. "Tunafuatilia karatasi za safari."

Hazikuwa zimepita dakika kumi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Treni, chumvi ya Uvinza iliyopasuka ndani ya begi, Tabora na madumu ya asali dirishani, Dar. Mfasiri alinipigia simu kuniuliza ile sentensi ya mahari aiache au aitoe. Nikamwambia aiache, nikakata simu, nikalia mbele ya muuza miwa. Wizara ya Mambo ya Nje wakagonga muhuri wao, ubalozi wakagonga wao, na sina hakika kama kuna mtu kote huko aliyeisoma.

Mwaka 2022 tulikwenda kusalimia. Baba Tatu alikuwa amejifunza maneno kwa moyo, wiki nzima akiyasemea bafuni. Baada ya chakula akatoa bahasha kwa mikono miwili, akasema kwamba amekuja kutimiza wajibu wake, akachanganya *wajibu* na *wajukuu*, lakini tulimwelewa. Baba aliitazama bahasha ile. Hakuigusa.

"Nikipokea leo, ile barua itakuwa ya uongo," akasema. "Wakija kuuliza nitasema nini? Watakurudisha mwanangu."

Watu wote wakacheka. Na yeye akacheka. Nilimwangalia macho wakati anacheka, na sikupata kitu humo. Sijui ulikuwa utani, au adhabu, au kweli aliogopa. Mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote anaiamini karatasi kuliko wewe na mimi. Mama ndiye aliyeivuta ile bahasha mkekani, akasema yeye hakuandika barua yoyote. Pesa zile zikawa mabati ya jiko. Tangu siku hiyo amekuwa akisema *mkwe wangu* kwa sauti ya mtu mwenye risiti.

Jumatatu nilimwonyesha Tatu ile barua. Aliisoma kwa kuivunjavunja, Kiswahili chake cha hapa, si-ja-po-ke-a, akauliza mahari ni nini, nikamweleza nilivyoweza. Akafikiri kidogo.

"Babu alikasirika?"

Nikamwambia ampigie amuulize mwenyewe. Mpaka leo hajampigia, na mimi sijamkumbusha.