Kumsalimia Msimbazi Kwao

Nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, kwa hiyo mto Msimbazi kwangu ni jirani mkorofi. Masika yakikolea tunapandisha magodoro juu ya makabati, na Jangwani pakifungwa mji mzima unahangaika. Ndiyo maana shemeji aliponiambia kuna kundi linakwenda kutembea msitu wa Pugu, huko huko mto unakoanzia, sikumuuliza nauli wala umbali.

Jumamosi saa 12 asubuhi tulikuwa Gongo la Mboto, tukadandia daladala ya Kisarawe. Njiani shemeji akanielekezea upande iliko shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Getini tulikuwa watu tisa. Tulisubiri kontroli namba ya malipo karibu nusu saa, mtandao ukija na kuondoka.

Mwongozaji alikuwa kijana wa Kizaramo, mpole, panga kiunoni. "Wakubwa zangu," akasema, "njia hii ni ya mzunguko. Atakayechoka katikati, kurudi na kuendelea ni kulekule."

Dakika kumi tu, kelele za malori zikafa. Akasimama chini ya msandarusi, akabandua kwenye gome tone la utomvu uliokauka, rangi ya asali, akaniwekea kiganjani. Jepesi kama kipande cha plastiki. Ukiligeuzageuza unaona mdudu mdogo kanasa ndani, miguu yote ipo. Alisema babu zake walikuwa wakichimba sandarusi ardhini, ile iliyozikwa miaka na miaka, wakaiuza pwani, ikasafirishwa hadi Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Nikalirudisha palepale, ingawa mkono ulitaka kwenda mfukoni.

Hapo nikiwa bado nashangaa juu, siafu walishanipanda. Usiombe. "Kaka, usisimame! Kimbia kwanza, utawatoa mbele!" Nikakimbia, nikavua suruali nyuma ya mti, na wale akina mama wawili wa kundi letu walicheka mpaka wakaketi chini.

Tukateremka bondeni, tukafika kwenye kijito. Kijito hasa: niliweka mguu mmoja huku, mwingine kule. Maji yanapita juu ya mchanga, unahesabu majani yaliyolala chini, na kakaa kadogo kakajificha chini ya mzizi.

"Huu ndiyo Msimbazi?"

"Mmoja wa watoto wake. Vijito vya vilima hivi vinakusanyana huko chini, mpaka baharini Salenda."

Nikachuchumaa nikanawa uso. Kwetu, mpira ukidondokea mtoni hatuufuati, tunanunua mwingine.

Tulifuata kijito kwa muda mrefu, miguu ikizama kwenye majani makavu. Kijana akachomeka fimbo, ikaingia kirahisi. Udongo wa namna hii, akasema, mvua ikinyesha unainywa na kuiachia polepole. Mbele kidogo tukakuta visiki na duara jeusi la tanuri la mkaa. Pale fimbo iligoma, na maji yalikuwa yamejichimbia mfereji wake, yakishuka moja kwa moja kama yana haraka ya kwenda Jangwani. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nililifikiria gunia lililo nyuma ya mlango wangu wa jikoni, nililouziwa kwa sifa kwamba ni mkaa wa Kisarawe.

Mapango ya popo, yaliyobaki baada ya kuchimbwa udongo mweupe wa kaolini, tuliyapita kwa haraka. Popo wenyewe hutoka magharibi ikiingia. Sisi mchana tulipata harufu tu.

Saa nane tukawa tumerudi getini, tukala mihogo ya kukaanga na chachandu.

Jioni, tukivuka kwa miguu daraja la Kigogo, shemeji akaziba pua kama kawaida yetu. Mimi nilisimama kidogo, nikainama ukingoni kuchungulia. Maji meusi, chupa za plastiki zimejipanga, na katikati yake jani moja bichi, likizunguka polepole.