Sikufika, na zipu ndiyo iliyonirudisha

Kila nikitaja Aconcagua, ule mlima mrefu wa Ajentina, watu huniuliza jambo moja: "Ulifika juu?" Sikufika. Niligeuka kwenye Canaleta, ule mteremko wa mawe yasiyotulia chini ya kilele, na kilele chenyewe nakiona. Mlima una mita 6,961. Nilizobakiza hazikufika mia tatu.

Hakukuwa na dhoruba wala maporomoko. Tuliondoka kambi ya Cólera, karibu mita 6,000, saa kumi na moja alfajiri. Tulipopita kibanda cha Independencia, nilivua glavu ya kulia nifunge zipu ya koti, maana ilikuwa imeganda kwa mvuke wa pumzi yangu. Dakika moja, labda mbili. Upepo ukafanya kazi yake. Mwanzoni vidole viliuma, nikashukuru, kwa kuwa kidole kinachouma bado ni kizima. Kisha vikaacha kuuma. Nilipovitazama vilikuwa vimepauka, ncha zake ngumu kama mshumaa. Nikavitia kwapani, nikaendelea kupanda.

Ndiyo, niliendelea. Oksijeni ikipungua, akili nayo hupungua, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe hujui. Nilijiona nina busara kuliko siku zote.

Canaleta unapiga hatua mbili, mawe yanakurudisha moja. Tulikuwa tumekubaliana tangu chini: ikigonga saa nane mchana, popote ulipo, unageuka. Saa nane kasorobo kiongozi wetu alinipa chupa ya maji, akaniambia niishike kwa mkono wa kulia. Nikaishika. Nilijua imeniponyoka pale niliposikia inagonga mawe huko chini.

"Basi," akasema.

Nilimchukia njia nzima ya kushuka.

Tangu siku ile, nikisoma habari za wapanda milima na wasafiri wa barafuni, huwatafuta kwanza waliogeuka. Ernest Shackleton, msafiri wa Antaktika, Januari 1909 alibakiza kama kilomita 180 tu kufika Ncha ya Kusini. Chakula kisingetosha kwenda na kurudi, akageuka, na wote wanne wakarudi hai. Göran Kropp ndiye kichaa wangu mpendwa: alitoka Uswidi hadi Nepal kwa baiskeli na mizigo yake, akapanda Everest mwaka 1996 bila mtungi wa oksijeni. Mita mia hivi chini ya kilele akaona muda umemtupa mkono, akashuka. Baiskeli yote ile, halafu unashuka! Wiki tatu baadaye alipanda tena, akafika.

Anayeninyima usingizi ni Henry Worsley. Alikuwa akiivuka Antaktika peke yake, mzigo wake akiuburuta mwenyewe. Januari 2016, baada ya siku 71, zikiwa zimebaki kilomita 48 hivi, aliita ndege ya kumwokoa. Alifia hospitalini nchini Chile. Kila nikimfikiria naikumbuka ile chupa, na mtu aliyenipa niishike.

Vidole vyangu vilipona. Ngozi ya ncha mbili ilibambuka, ukucha mmoja ukaota umepinda, na kidole cha pete mpaka leo hakitambui kikombe cha moto. Zipu ya lile koti nimeifunga kamba ndefu, inavutika hata ukiwa na glavu nene. Nitaijaribu Januari, kwenye Canaleta ileile, na kiongozi yuleyule.