Hakimu wa Joan Cooney

Wengi wakimtaja Joan Ganz Cooney wanakumbuka vikaragosi vya Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto cha Marekani alichoshiriki kukianzisha. Mimi ninayetengeneza vipindi vya watoto hapa Kampala namheshimu kwa jambo jingine: alimfanya mtoto wa miaka minne kuwa hakimu wa kazi yake.

Mwaka 1966, nyumbani kwake New York, wageni wa chakula cha jioni walianza kujadili kama televisheni inaweza kumfundisha mtoto ambaye hajaanza shule. Joan akawaendea wataalamu, akaandika ripoti, na tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikaingia hewani.

Kilichonivuta ni majaribio. Mtafiti wake, Edward Palmer, aliweka pembeni ya televisheni picha za slaidi zilizobadilika kila baada ya sekunde chache. Mtoto akigeuka kuzitazama, inaandikwa. Julai 1969, majaribio ya Philadelphia yalionyesha watoto wanachoka kila vikaragosi vinapoondoka na kubaki waigizaji wa kawaida peke yao kwenye mtaa wa kipindi. Wataalamu walikuwa wameshauri visichanganywe na watu. Timu ikavichanganya, na ndipo akazaliwa Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano.

Nilianza kusoma habari zake shule zetu zilipofungwa, Machi 2020 hadi Januari 2022. Masomo mengi niliyoyaona kwenye televisheni yalikuwa mwalimu na ubao. Dharura ni dharura, lakini watoto wa chekechea walistahili zaidi ya hapo, na bado inaniuma.

Sisi hatuna slaidi. Kule Mbuya, karibu na kambi ya jeshi ambako watoto wanaongea Kiswahili tangu wadogo, mama mmoja muuza chapati hutuazima chumba chake. Televisheni ndogo juu ya stuli, simu pembeni ikionyesha picha za ng'ombe na boda boda, watoto kwenye mkeka. Mwenzangu haangalii kipindi hata kidogo, anaangalia shingo. Wimbo wa kuhesabu ukipigwa, zinatulia. Mwalimu wetu mwenye tai akianza kueleza, zote kwa ng'ombe! Sehemu hiyo watu wazima waliisifu sana. Tuliikata.

Sasa anayehesabu ni yule mama mwenyewe, akipasua mayai ya rolex, ile chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, kwenye kikombe: moja, mbili, tatu. Watoto wanapaza sauti "nne!" kabla hajalishika yai.